Mafungu matatu katika manane: siku saba nikimtafuta babu yake bibi

Kabla ya kuondoka

Kasha la bibi lilifunguliwa arobaini yake ilipokwisha. Ndani mlikuwa na kanga ambazo hazijatiwa pindo, kichupa kitupu cha marashi, na bahasha ya kaki yenye karatasi mbili. Mirathi ya bibi yenyewe haikuwa na kelele: Shangazi ameteuliwa msimamizi na Mahakama ya Mwanzo hapa Dar es Salaam, orodha ya mali imejazwa, warithi tunajuana. Lakini karatasi zile hazikuwa mali ya kuorodheshwa, na hakuna aliyejua aziweke wapi. Nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye ninayesumbua wazee kwa maswali.

Ya kwanza ni cheti cha ndoa cha mama yake bibi, kimeandikwa Pemba mwaka 1929. Palipo na nafasi ya wali, yaani mwozeshaji wa binti, pana jina la mwanamume mwenye nisba ya Kiarabu. Ya pili ni kipande kidogo, mistari minne kwa herufi za Kiarabu. Mimi Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusoma Juzuu Amma na kuishia hapo, na mwandiko wa mkono wa haraka hunishinda. Nilichookota ni tarakimu mbili: 108 na 1341.

Hadithi ya nyumbani ilikuwa fupi na haina tundu. Babu yake bibi, mzaa mama, alikuwa Mwarabu wa Pemba. Alifariki wakati binti yake angali mdogo. Ndugu yake, mwenye mashamba ya karafuu, akamlea mtoto na kumwoza. Ndiyo maana ami yule ndiye wali kwenye cheti. Nani abishe?

Majina sitataja. Ukoo wa yule wali upo mpaka leo, na sisi wenyewe tumo tusiotaka haya yasemwe. Huyo ninayemtafuta nitamwita Babu tu.

Siku ya kwanza: Dar es Salaam hadi Unguja

Boti ya asubuhi. Bahari ilikuwa shwari na mimi nikafanya hesabu ya kijinga. Nilijua mwaka wa Hijria huanza kuhesabiwa 622, basi nikachukua 1341 nikajumlisha 622, nikapata 1963. Nikaandika kwenye daftari kwa wino mzito: *Babu kafariki 1963, mkesha wa Mapinduzi.* Nikaona hadithi inanoga. Sikujiuliza binti aliyeolewa 1929 akiwa yatima alifiwaje na baba miaka thelathini na minne baadaye.

Nimefikia kwa rafiki Miembeni. Hakuna jingine la kuandika leo.

Siku ya pili: Kilimani

Nyaraka za Zanzibar zipo Kilimani, nje kidogo ya Mji Mkongwe. Chumba cha kusomea kina utaratibu wake: mkoba unaachwa, kalamu ya wino inaachwa, unaingia na penseli. Unatazama faharasa, unaandika namba ya jalada kwenye fomu, unasubiri. Herufi za mwanzo wa namba zinakuambia jalada limetoka ofisi gani. AA ni la ubalozi mdogo wa Waingereza, AB ni la Sekretarieti ya serikali ya ulinzi, HD ni la Wakfu, mali iliyofungwa kwa ajili ya heri. Anayetafuta mtu asiye mkubwa, asiyekuwa liwali wala mfanyabiashara mwenye meli, ayapite haraka majalada ya watawala. Mtu mdogo huonekana serikalini mara chache: anapooa, anaposhitakiwa, na anapokufa akaacha kitu cha kugombaniwa.

Nikaomba mirathi za Pemba za 1963. Aliyekuwa akinihudumia, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaniuliza nina ushahidi gani wa mwaka. Nikamwonyesha kile kipande. Akakisoma kama anayesoma bei dukani.

"Hii ni risiti," akasema. "Mama amepokea kwa niaba ya mwanawe fungu la thamani ya rupia mia na nane. Mfunguo nane, mwaka elfu moja mia tatu arobaini na moja." Akanitazama juu ya miwani. "Rupia, mwaka 1963?"

Nikanyamaza. Rupia iliondoka Zanzibar mwanzoni mwa 1936, ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki. Fedha peke yake ilitosha kuniambia kwamba hesabu yangu imepotoka.

Kosa ni hili: mwaka wa Hijria ni wa mwezi, mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo kujumlisha 622 hakufai. Unazidisha kwanza kwa 0.97, ndipo unajumlisha. 1341 inakuwa kama 1301, ukiongeza 622 unafika kati ya 1922 na 1923. Miezi nayo ina mtego. Wazee wetu hawakusema Rabiul Awwal, walihesabu tangu kufungua: Mfunguo mosi ni Shawwal, na ukishuka hivyo Maulidi yanaangukia Mfunguo sita, na Mfunguo nane ni Jumadal Ula. Kwa mwaka huo, Mfunguo nane uliangukia Desemba 1922 na kuingia Januari. Babu, basi, alifariki kabla ya hapo, maana mirathi haigawiwi kwa siku moja.

Miaka arobaini ilifutika kwa neno *rupia*. Nikarudisha fomu, nikajaza nyingine.

Mchana kutwa sikupata kitu. Jina la Babu lina herufi *p* katikati, na alfabeti ya Kiarabu haina *p*. Mwandishi mmoja ataweka *b*, mwingine *f*, wa tatu ataongeza nukta tatu za Kiajemi. Karani aliyekuja kunakili kwa herufi za Kirumi akaandika alichokiona, si alichokisikia. Mtu anayeitwa Pandu anaweza kulala kwenye faharasa chini ya Bandu, na Vuai akawa Wuai au Fuai. Niliandika namna sita za jina la Babu pembezoni mwa daftari, nikaondoka saa za kufunga nikiwa nimemaliza mbili.

Siku ya tatu: Kilimani tena

Namna ya nne. Jalada jembamba, gamba la rangi ya chai, karatasi tisa.

Juu pana karatasi ya karani wa mahakama ya Pemba, kwa Kiingereza: jina la marehemu, umri "kadiri ya miaka sitini", mahali, na kwamba hakuacha wasia. Chini yake orodha ya mali. Naiandika hapa yote kwa sababu nilikaa nayo zaidi ya saa nzima, nikiirudia kama anayetafuta funguo mfukoni:

Mikarafuu 60, kila mmoja rupia 3, jumla 180. Nyumba ya udongo na makuti, 70. Minazi 15, jumla 30. Ng'ombe mmoja, 30. Vyombo na nguo, rupia 12 na anna 8 (anna 16 ni rupia moja). Jumla kuu, rupia 322 na anna 8.

Mikarafuu sitini ndiyo mali. Eka hazikutajwa hata moja. Kwa sheria za leo za kichwani mwangu niliona karani kasahau, halafu nikakumbuka kwamba visiwani mti na ardhi vilikuwa na wenyewe mbalimbali. Mtu alipanda mikarafuu kwenye shamba la mwingine, ardhi ikabaki ya mwenye shamba, miti ikawa ya aliyepanda, ikauzwa, ikawekwa rehani, ikarithiwa. Mjini mambo yalikuwa hivyo hivyo: Ng'ambo watu walimiliki nyumba na kulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, mpaka 1928 walipochoka na kugoma. Kwa hiyo anayesoma orodha ya mirathi ya zamani asitafute kiwanja. Ahesabu miti, na ajiulize ilisimama juu ya ardhi ya nani.

Swali hilo la mwisho nimeliandika usiku huu. Mchana ule sikujiuliza.

Kinafuata kilichotolewa kabla ya kugawa. Sanda na mazishi, rupia 24. Deni la dukani, rupia 40. Mahari ya mke ambayo marehemu hakuwahi kuilipa, riale 20, zimebadilishwa kwa rupia 2 na anna 2 kila riale, jumla rupia 42 na anna 8. Vikiondoka hivyo vyote zinabaki rupia 216 kamili.

Halafu mgawanyo. Mafungu manane, kila fungu rupia 27. Mke fungu moja: 27. Binti mafungu manne: 108. Nikatoa risiti yangu ya kwenye kasha nikaiweka kando ya karatasi ile. Mia na nane na mia na nane. Karatasi mbili zilizotengana miaka mia, moja ikalala kwenye kanga, nyingine Kilimani, zinataja senti zile zile. Mwenye miwani alipita akaniona natabasamu na ukuta.

Mafungu matatu yaliyobaki, rupia 81, yamekwenda kwa "asaba", yaani mrithi anayechukua mabaki. Na jina la huyo asaba ni lile lile la wali kwenye cheti cha 1929. Fungu lake lilitolewa kwa miti, mikarafuu 27.

Nikafanya hesabu ya faraidhi, ya kugawa mirathi Kiislamu, kwenye ukingo wa daftari. Mtu akifa akaacha watoto, mkewe anapata thumuni. Binti akiwa peke yake hana kaka, nusu. Moja ya nane na nne ya nane ni tano. Zilizobaki, tatu ya nane, huenda kwa mwanamume wa karibu upande wa baba, na hapo ndugu wa marehemu ndiye wa kwanza kufikiriwa. Kila kitu kikakaa mahali pake. Ami! Hadithi ya nyumbani imesimama mahakamani na imeshinda.

Nikampigia Shangazi. "Ni kweli kabisa," nikamwambia. "Nduguye yumo, kwa jina, na fungu lake limehesabiwa sawasawa."

"Mimi nilikwambia," akasema Shangazi. "Uje na nakala."

Siku ya nne: Kisimamajongoo

Ndani ya jalada mna karatasi moja ya Kiarabu yenye muhuri wa kadhi, ambayo karani aliifupisha kwa ile ya Kiingereza. Nilikuwa na nakala yake. Haja ya kuisoma sikuiona kubwa, lakini rafiki yangu ana maalim wake wa utotoni, mzee anayesoma mwandiko wa makadhi wa zamani, akasema nikamsalimie tu.

Maalim anakaa nyuma ya majumba ya Michenzani. Tuliketi barazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mara mbili, akaniuliza habari za watu wa Bara, akataka miwani, akataka miwani nyingine.

Akasoma kimya. Kidole kikatembea kulia kwenda kushoto, kikafika katikati ya mstari wa saba, kikasimama.

"Nani alikwambia huyu ni nduguye?"

"Mafungu yake, Maalim. Matatu katika manane. Ndiyo mabaki ya asaba."

"Mafungu ni sawa," akasema. "Kadhi hakukosea. Lakini asaba wapo wa namna mbili, mwanangu. Yupo wa damu na yupo wa sababu. Angekuwa nduguye hapa pangeandikwa *akhuhu*. Hebu tazama." Akanisogezea karatasi kana kwamba ningeweza kusoma. "*Ibnu mu'tiqihi.* Mtoto wa aliyemwacha huru."

Mtaani paliendelea. Pikipiki ilipita, mtoto akaitwa ndani.

Akanieleza taratibu, bila haraka na bila huruma ya bandia. Mtumwa akiachwa huru, kati yake na aliyemwacha hubaki kifungo kinachoitwa walaa. Aliyeachwa akifa bila jamaa wa kiume wa upande wa baba, mabaki ya mali yake huchukuliwa na muwali wake, yaani huyo aliyemwacha huru, na muwali akiwa amekwisha kufa, mtoto wake wa kiume. Fungu ni lile lile ambalo ndugu angechukua. Ukitazama hesabu peke yake hutaijua tofauti yao.

"Na uwali wa ndoa?" nikauliza, ingawa nilikwisha kuhisi jibu.

"Ni mlango huo huo. Binti asiye na jamaa wa kiume wa baba, muwali wa babake humwozesha kabla ya kufika kwa kadhi."

Kwa hiyo alikuwa wali kweli, na aliingia kwenye mirathi kweli. Kila tulichokisema nyumbani miaka yote hiyo kilikuwa kweli isipokuwa neno *ndugu*.

Nikamwuliza kuhusu jina la baba yake Babu, maana karatasi inasema *bin Abdallah*. Maalim akacheka kidogo. Akasema wapo kina Abdallah walioishi na kuzaa, na wapo walioandikwa tu, kwa kuwa mtu lazima awe bin fulani na baba hajulikani. Sote ni waja wa Mungu, kwa hiyo Abdallah haikosei. "Usimtafute huyo. Utachoka bure."

Niliporudi Miembeni niliona aibu. Halafu nikaona aibu ya kuona aibu, na hiyo ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Sikumpigia Shangazi.

Naandika jambo moja kwa watakaofuata njia hii. Pwani yetu ina familia nyingi zenye ami Mwarabu ambaye hakuna anayejua mamaye. Mimi sasa kila nikisikia habari za ami wa namna hiyo nitauliza kwanza: aliitwaje kwenye karatasi ya Kiarabu? Muhtasari wa karani hauna jibu. Karani alihitaji kujua nani anapewa ngapi. Kadhi ndiye aliyelazimika kuandika kwa nini.

Siku ya tano: Kilimani mara ya mwisho

Asubuhi nilitaka daftari za walioandikishwa uhuru. Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri tarehe 6 Aprili 1897 ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba, lakini amri haikumfungua mtu kitandani mwake. Mtumwa ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kudai, na bwana akalipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa humo mpaka 1909. Wengi hawakwenda: walikuwa na kibanda na miti kwenye ardhi ya bwana, na kudai karatasi kungeweza kumaanisha kuhama.

Nilipata watu watatu wenye jina la Babu. Mmoja Mnyasa, mmoja Myao, mmoja Mmanyema. Hakuna aliye chini ya ukoo wa yule muwali. Na hata kabila lenyewe ni la kupokelewa kwa tahadhari, kwani "Mnyasa" liliwakusanya watu wengi walioletwa kwa njia ya Kilwa na ziwa, wa lugha mbalimbali. Nilijaribu kumpenda mmoja wao. Nilimwegemea yule Myao, sijui kwa nini, pengine kwa kuwa umri wake unakaribia. Nikamwacha. Mtu hachaguliwi kama kitambaa.

Dhana ya Maalim inanikaa zaidi: kadhi anataja *aliyemwacha huru* kama mtu, hivyo huenda bwana alimwacha mwenyewe, kwa thawabu au kwa wasia wa kufa, nje ya daftari za serikali. Kama ni hivyo Babu hayumo na hatakuwamo.

Mchana nikafungua majalada ya Wakfu. Kamisheni ya Wakfu iliundwa 1905, na mabwana wengi waliweka wakfu vipande vya ardhi au nyumba kwa ajili ya waachwa huru wao na vizazi vyao. Ukoo wa muwali unao wakfu mmoja, wa msikiti na kisima. Waachwa huru hawakutajwa. Nikarudisha jalada, nikachukua kalamu yangu, nikamuaga yule mwenye miwani.

"Umempata?" akaniuliza.

"Nimempata. Siye niliyekuja kumtafuta."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia hivyo mara nyingi.

Siku ya sita: Pemba

Boti hadi Mkoani, kisha gari mpaka Chake Chake, kisha gari nyingine kwenda Wete. Njia nzima ni vilima na mabonde, na penye uwazi wowote kando ya barabara pana majamvi ya karafuu zinazoanikwa, nyekundu za leo, nyeusi za juzi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliivunja mikarafuu ya Unguja na kuiacha sehemu kubwa ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nchi ya karafuu. Mikono ya kupanda na kuchuma ilihitajika wakati ule ule. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873. Babu, kama umri wa kwenye jalada ni wa kweli, alikuwa mtoto wa miaka kumi na kidogo. Sijui aliletwa kabla au aliletwa kwa kificho baadaye. Njiani nililifikiria hilo tu, na dereva alipouliza nashuka wapi nikachelewa kujibu.

Sheha, kiongozi wa mtaa ule, alinipokea vizuri. Nikamtajia mahali kama palivyoandikwa, akapajua. Ukoo wa muwali akaujua pia: wengine waliondoka, mmoja ana nyumba Wete mjini, ukitaka tutakupeleka. Nikasema sitaki. Ningemwambia nini? Kwamba babu yake alichukua mikarafuu 27 kwa hukumu iliyokuwa halali? Yeye hakuichukua. Pengine hata hajui kwamba ilikuwapo.

Shamba halikubaki nao hata hivyo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi iliwekwa chini ya serikali, na mashamba makubwa yakakatwa na kugawiwa watu eka tatu tatu. Pale palipokuwa na miti ya Babu sasa ni eka tatu ya bibi mmoja mzee, ambayo alipewa mumewe. Tulimkuta ameketi juu ya jamvi anachambua, karafuu huku, makonyo kule, vidole havitazamwi.

Sheha akamweleza kwamba mgeni ana babu yake aliyekuwa na mikarafuu hapa zamani. Mikono ikasimama.

"Umekuja kudai?"

"La, Bi mkubwa. Nimekuja kuona."

Akanipima kwanza. Halafu akarudi kwenye karafuu zake. "Basi ona. Lakini mikarafuu ya zamani ilikufa. Hii unayoiona nimeipanda mimi na marehemu."

Nikaenda nikasimama chini ya mmoja wapo. Ni mti mrefu kuliko nilivyofikiria, na matawi yake ni mepesi, ndiyo maana wachumaji huanguka. Nilihesabu miti bila kukusudia na nilipofika ishirini na saba nikaacha. Kaburi la Babu hakuna anayelijua. Nyumba ya rupia 70, ya udongo na makuti, haitegemewi kuacha alama.

Kwaheri yangu yule bibi aliijibu kwa kunitilia konzi mbili za karafuu kwenye mfuko wa nailoni.

Siku ya saba: kurudi

Safari ndefu, boti mbili, bahari mbaya baada ya Unguja. Nilifika kwa Shangazi usiku, sebuleni wameshazima televisheni.

Nilipanga kuanza mbali, na amri ya 1897, na Wakfu, na asaba wa namna mbili. Shangazi hakunipa nafasi. "Soma," akasema, akakaa na mtandio wake. Basi nikasoma mgawanyo wote kwa Kiswahili kama ulivyo, nikafika kwenye mstari wa saba nikausoma pia: mtoto wa aliyemwacha huru.

Alikaa kimya. Nikaona niongeze maneno, nikaanza kusema kwamba hesabu ni sawa na ya ndugu, kwamba kwa hiyo hatukudanganywa hasa.

"Nimesikia," akanikatiza. "Hapo juu umesema nini? Kabla ya kugawa."

"Sanda na mazishi, rupia ishirini na nne. Deni la dukani, arobaini."

"Halafu."

"Mahari ya mke. Riale ishirini."

"Alilipwa?"

Nikatazama tena nakala, ingawa niliijua kwa moyo. Pembeni mwa mstari ule pana alama ya dole gumba, na karani ameandika chini yake *imepokelewa*.

"Alilipwa, Shangazi. Zote. Kabla ya huyo mwingine kupewa chochote."

Akajifunika mtandio vizuri. "Rudia hapo," akasema. "Pole pole."